Kutoka Sarufi hadi Kiinimacho: Historia ya Neno la Kiskoti *glamour*

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya neno *glamour*, ambalo leo hufahamika kama neno la Kiingereza lenye maana ya mvuto wa urembo na fahari, lakini ambalo awali lilikuwa neno la Kiskoti lenye maana ya nguvu ya kichawi ya kuyadanganya macho. Kwa kufuatilia ushahidi wa kamusi na matini za kifasihi, makala yanaeleza jinsi neno hilo lilivyozaliwa kutokana na neno la Zama za Kati lenye maana ya sarufi, na jinsi maana yake ilivyosogea kutoka elimu hadi uchawi, na kutoka uchawi hadi urembo. Hoja kuu ni kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya kubahatisha. Tangu neno lilipoanza kuonekana katika matini za Kiskoti, kiini cha maana yake kimebaki kuwa kutawaliwa kwa macho ya mtazamaji. Kilichobadilika ni yule anayedhaniwa kuwa na uwezo wa kuyatawala. Sehemu ya mwisho inaonesha umuhimu wa hoja hiyo kwa etimolojia ya Kiswahili, kwa kurejelea maneno *nahau*, *haiba* na *kiinimacho*.

1.0 Utangulizi

Katika magazeti ya mitindo, matangazo ya manukato na habari za waigizaji wa filamu, neno *glamour* hutajwa kila siku kwa maana ya mvuto wa urembo unaoambatana na fahari na anasa. Wanaolitumia huliona kuwa neno la Kiingereza, na wapo wanaodhani kuwa lilitoka Ufaransa kwa sababu ya tahajia yake. Dhana zote mbili zina kasoro. Neno hilo lilikuwa la Kiskoti kabla ya kuenea katika Kiingereza, na halikuhusu urembo bali uchawi. Mtu aliyetupiwa *glamour* aliona kitu kisichokuwapo, au aliona kilichokuwapo katika sura isiyo yake.

Kiskoti ni lugha ya nyanda za chini za Uskoti, iliyochipuka kutoka Kiingereza cha Kale cha kaskazini. Ni tofauti kabisa na Kigaeli cha nyanda za juu, ambacho ni cha jamii ya lugha za Kikelti. Kilikuwa lugha ya ikulu, bunge na mahakama za Uskoti mpaka mfalme wa Uskoti aliporithi kiti cha Uingereza mwaka 1603, na hadhi yake ikazidi kushuka baada ya mabunge ya nchi hizo kuunganishwa mwaka 1707. Tangu hapo kumekuwa na mjadala kama Kiskoti ni lugha au ni lahaja ya Kiingereza, mjadala ambao wanaisimu wa Kiswahili hawatauona mgeni. Ushahidi wa msamiati wake umehifadhiwa hasa katika kamusi tatu: ile ya John Jamieson iliyotoka mwaka 1808, *Dictionary of the Older Scottish Tongue* inayoshughulikia matini za kabla ya mwaka 1700, na *Scottish National Dictionary*, yenye juzuu 10 zilizochapishwa kati ya mwaka 1931 na 1976, inayoanzia pale ya pili inapoishia.

Vitabu vya maarifa ya jumla hupenda kutaja kwamba *glamour* ni ndugu wa neno *grammar*, yaani 'sarufi', na hueleza udugu huo kwa sentensi moja: kwamba hapo kale elimu ilihusishwa na uchawi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Hayasemi ni nani aliyeihusisha elimu na uchawi. Hayaelezi kwa nini umbo la neno lilibadilika. Wala hayaelezi kwa nini, kati ya mambo yote yanayoweza kufanywa na mchawi, neno hili lilishika jambo moja tu, yaani kuyadanganya macho. Maswali hayo matatu ndiyo yanayoongoza makala haya.

2.0 Sarufi kama Elimu ya Wachache

Shina la neno ni la Kigiriki. *Gramma* ni 'herufi', na *grammatike* ni ufundi wa herufi, yaani ujuzi wa kusoma na kuandika. Kilatini kilikopa neno hilo kwa umbo la *grammatica*, na kutoka huko likaingia katika Kifaransa cha Kale kwa umbo la *gramaire*. Katika shule za Zama za Kati za Ulaya, sarufi ilikuwa ya kwanza katika masomo matatu ya msingi, ikifuatiwa na balagha na mantiki. Hata hivyo, sarufi iliyofundishwa haikuwa ya lugha ambayo mwanafunzi aliizungumza kwao. Ilikuwa sarufi ya Kilatini. Kujua sarufi kulimaanisha kujua Kilatini, na kujua Kilatini kulimaanisha kuingia katika maktaba za dini, sheria, tiba na elimu ya nyota.

Uskoti haikuwa tofauti. Sheria ya bunge la nchi hiyo ya mwaka 1496 iliwataka makabaila na wamiliki wakubwa wa ardhi kuwapeleka watoto wao wa kwanza wa kiume shuleni wakiwa na umri wa miaka minane au tisa, wakae huko mpaka wawe na Kilatini kilichokamilika. Asiyetii alitozwa faini ya pauni 20. Sheria hiyo husifiwa kama hatua ya mapema ya elimu ya lazima, lakini inaonesha pia mipaka yake. Ilihusu warithi wa wenye ardhi, ili wajue sheria na kusimamia haki katika maeneo yao. Haikumgusa mkulima, mke wake, mchunga kondoo wala fundi wa mtaani.

Ni muhimu kuitazama sarufi kwa macho ya hao waliobaki nje. Mtu asiyejua kusoma alimwona mwenye kitabu akikifungua, akitamka maneno ya lugha isiyoeleweka, na baada ya hapo mambo yakatokea: mkate ukawa mtakatifu, shamba likapata mmiliki mwingine, mshtakiwa akahukumiwa, mgonjwa akapewa dawa. Kwa mtazamaji huyo hapakuwa na mpaka ulio wazi kati ya kusoma hati ya shamba, kusoma sala na kusoma maneno ya uchawi. Vitendo vyote vilikuwa na sura moja: kitabu, lugha ngeni, na tokeo.

Hivyo ndivyo *gramaire* ya Kifaransa cha Kale ilivyopata maana ya pili ya kitabu cha uchawi. Baadaye Kifaransa kilizitenga maana hizo kwa kuzipa maumbo mawili: *grammaire* ikabaki na sarufi, na *grimoire* ikawa kitabu cha mchawi. Katika Kiingereza cha Kati lilikuwapo neno *gramarye*, lililoanza kwa maana ya sarufi na elimu kwa jumla, kisha likaelekea kwenye elimu ya siri na uchawi. Kwa hiyo lugha mbili zilipita njia moja, na katika kila moja maana mpya haikutoka kwa wanasarufi wenyewe. Mwanasarufi hakuwa na sababu ya kuiita kazi yake uchawi. Maana hiyo ni ushahidi wa mtazamo wa watu waliosimama nje ya mlango wa shule.

3.0 Swali la Umbo

Mabadiliko ya *gr-* kuwa *gl-* yanahitaji maelezo yake. Neno la asili lina sauti *r* mbili, moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Katika lugha nyingi, sauti mbili zinazofanana zinapokaribiana ndani ya neno moja, mojawapo huelekea kutofautishwa na nyingine ili kurahisisha matamshi, na badiliko la *r* kuwa *l* ni la kawaida sana katika hali hiyo. Mfano maarufu ni Kilatini *peregrinus*, 'mgeni, msafiri', lililobadilika kuwa *pelegrinus* na hatimaye kuzaa neno la Kiingereza *pilgrim*, 'hujaji'. Msomaji wa Kiswahili anayafahamu mabadilishano ya *l* na *r* katika lahaja na katika matamshi ya wazungumzaji mbalimbali, lakini inafaa kutofautisha matukio hayo mawili. Mabadilishano katika Kiswahili kwa kawaida hutokana na mfumo wa sauti wa lahaja au wa lugha ya kwanza ya mzungumzaji. Lile la Kiskoti linatokana na kuwapo kwa *r* nyingine ndani ya neno lenyewe.

Ushahidi unaothibitisha njia hiyo unapatikana katika chuo kikuu. Hati za Cambridge za karne ya 13 zinamtaja ofisa aliyeitwa *magister glomerie*, aliyesimamia wanafunzi wa sarufi. Neno *glomeria* ni umbo jingine la neno la sarufi ambamo *r* ya kwanza imekwisha kuwa *l*. Kwa maneno mengine, umbo lenye *gl-* lilikuwapo karne nne na zaidi kabla ya *glamour* kuonekana katika maandishi ya Kiskoti, na wakati huo lilihusu sarufi yenyewe bila kivuli chochote cha uchawi.

Ipo nadharia shindani inayostahili kupimwa. Katika Kiaislandi cha kale kuna neno *glámsýni*, lenye maana ya maono ya uongo. Linahusishwa na Glámr, mzuka katika *Grettis saga*, hadithi ndefu ya kinathari ya Aislandi. Shujaa Grettir alimshinda mzuka huyo, lakini akalaaniwa ayaone macho yake daima gizani. Na msimulizi anaeleza kwamba watu wanaoona mambo kinyume na yalivyo husemwa kuwa wameazimwa macho na Glámr. Mfanano wa maana na ule wa Kiskoti unashangaza. Nadharia ya namna hii ilipata mazingira mazuri katika karne ya 19, kwa sababu Jamieson alishikilia kwamba Kiskoti hakikutoka Kiingereza bali kilikuwa na mizizi yake katika lugha za kaskazini mwa Ulaya. Aliyetaka kuthibitisha utu na upekee wa lugha ya Waskoti alivutwa na asili ya Kiaislandi kuliko asili inayopitia Kilatini na Kifaransa.

Hata hivyo, uzito wa ushahidi uko upande wa sarufi. Nadharia ya Kiaislandi haielezi sehemu ya pili ya neno *glámsýni* ilipotelea wapi wala silabi ya mwisho ya neno la Kiskoti ilitoka wapi, ilhali *grammar* inaeleza umbo zima. Mfano wa *glomeria* unathibitisha badiliko la sauti, na mifano ya *grimoire* na *gramarye* inathibitisha badiliko la maana. Kufanana na *glámsýni* kunabaki kuwa funzo la kimbinu: ukaribu wa sauti na maana kati ya lugha jirani hautoshi kuthibitisha ukopaji, hasa pale ambapo anayelinganisha ana sababu za kizalendo za kutamani jibu fulani.

4.0 Mwanazuoni Anapogeuzwa Mchawi

Safari ya neno kutoka sarufi hadi uchawi ina mfano wake katika maisha na sifa za mtu mmoja. Michael Scot alikuwa mwanazuoni wa Kiskoti aliyeishi mwishoni mwa karne ya 12 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 13. Alikuwapo Toledo, Uhispania, mwaka 1217, ambako alitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini kazi ya al-Bitruji kuhusu mwendo wa sayari. Alitafsiri pia maandishi ya Aristotle kuhusu wanyama kutoka tafsiri zake za Kiarabu, na baadaye akawa mnajimu katika ikulu ya Kaizari Frederick II huko Sisilia. Kwa kipimo cha zama zake alikuwa mtaalamu wa lugha wa daraja la juu, mmoja wa watu waliofungua mlango wa elimu ya Kiarabu kwa vyuo vya Ulaya.

Kumbukumbu ya watu haikumhifadhi hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 14 Dante alimweka jehanamu, katika wimbo wa 20 wa *Inferno*, miongoni mwa watabiri na wachawi, na kumtaja kama mtu aliyeujua vyema mchezo wa udanganyifu wa kichawi. Katika simulizi za mpakani mwa Uskoti na Uingereza, Michael Scot alikuwa mchawi aliyeupasua mlima wa Eildon ukawa vilele vitatu. Kazi yake ya tafsiri ilisahaulika. Kilichobaki ni kitabu chake, ambacho sasa kiliaminika kuwa cha uchawi. Tofauti ya hadhi kati ya mfasiri na mchawi haikuwa katika alichokifanya. Ilikuwa katika umbali wa wale waliomsimulia.

5.0 *Glamour* katika Matini za Kiskoti

Miongoni mwa matumizi ya awali kabisa ya neno lenyewe yaliyohifadhiwa katika maandishi ni yale ya Allan Ramsay, mtengenezaji wa nywele bandia wa Edinburgh aliyegeuka mshairi na muuza vitabu. Linatokea katika shairi lake kuhusu kupanda na kuanguka kwa hisa za mwaka 1720, mwaka ambao hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini zilipanda kupita kiasi, kisha zikaporomoka na kuwafilisi wengi. Ramsay anamlinganisha mnunuzi wa hisa na mwanamke anayemwuzia Shetani roho yake ili apate utajiri: Shetani anamtupia machoni *glamour* ya udanganyifu. Katika faharasa ya mashairi yake ya mwaka 1721, mshairi alilifafanua neno hilo kwamba hutumika pale mashetani, wachawi au wafanya mazingaombwe wanapoihadaa macho hadhira yao.

Matumizi haya yana mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, neno tayari lina ukolokishi wake: *glamour* hutupwa, na hutupwa juu ya macho. Halimgeuzi mtu wala kitu. Linageuza mwonekano tu. Pili, katika matini hii ya mapema neno limekwisha kutumika kisitiari kwa udanganyifu wa kiuchumi. Kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba matumizi ya kibiashara ya karne ya 20 yaliliingilia neno kutoka nje. Soko lilikuwamo tangu mwanzo.

Mazingira ya kisheria yalichangia. Sheria ya Uskoti ya mwaka 1563 iliufanya uchawi kuwa kosa la kifo, na watu wengi, hasa wanawake, waliuawa kwa sheria hiyo. Ilifutwa na sheria mpya ya mwaka 1735, iliyoanza kutumika mwaka 1736, ambayo haikuadhibu tena uchawi bali kujidai kuwa na uwezo wa uchawi. Mchawi wa sheria ya kwanza alikuwa na nguvu. Mchawi wa sheria ya pili alikuwa laghai. *Glamour*, ambalo maana yake ni uchawi usiobadilisha chochote isipokuwa mwonekano, ni neno lililofaa kabisa kwa kipindi cha mpito kati ya mawazo hayo mawili. Aliyeamini uchawi na asiyeuamini wote waliweza kulitumia.

Neno hilo halikuwa bila wahanga. Katika simulizi za Uskoti, uwezo wa kutupa *glamour* ulihesabiwa kuwa hasa wa Wajipsi, jamii ya watu waliohamahama na ambao sheria za nchi ziliwaita Wamisri kwa kudhani kwamba walitoka Misri. Sheria ya mwaka 1609 iliwafukuza nchini kwa tishio la kifo. Mwaka 1624 kiongozi wao aliyeitwa Johnne Faa alihukumiwa kunyongwa pamoja na wenzake saba kwa kosa la kuwapo nchini wakiwa Wamisri. Jina la Faa lilidumu katika utenzi simulizi wa *Johnny Faa*, ambao Ramsay aliuchapisha katika *The Tea-Table Miscellany*. Wajipsi wanafika kwenye lango la kabaila na kuimba. Mke wa kabaila anashuka. Wanamtupia *glamour*, naye anaacha nyumba na mume na kuwafuata. Katika matoleo mengi ya utenzi huo wao huishia kunyongwa.

Kazi inayofanywa na neno *glamour* katika utenzi huo ni nzito. Mwanamke wa tabaka la juu ameondoka nyumbani kwake. Ingewezekana kusema kwamba alichagua kuondoka. Neno hilo linazuia tafsiri hiyo: hakuchagua, bali macho yake yalitekwa. Heshima ya nyumba ya kabaila inahifadhiwa, na lawama inawaangukia watu ambao sheria ilikuwa tayari imewahukumu. Hapa neno limetoka mbali na mwanazuoni wa Kilatini. Mwenye uwezo wa siri sasa si mtu aliye juu ya jamii kwa elimu yake, bali aliye nje ya jamii kwa asili yake. Kinachowaunganisha wawili hao ni kwamba wote wanatazamwa na watu wasioijua lugha yao.

Mwaka 1789 Robert Burns aliandika shairi la mzaha kuhusu ziara za Francis Grose, mtafiti wa mambo ya kale. Katika kuwaita Wajipsi na wachawi, alilitamatisha mshororo mmoja kwa *glamour* na unaofuata kwa *grammar*, huku sarufi hiyo ikiwa ni ile nyeusi ya jehanamu ambayo wachawi wameisoma kwa kina. Kina hicho kinayakutanisha tena maneno pacha yaliyotengana: moja limekuwa la Wajipsi, jingine limebaki na wasomaji wa vitabu, japo vitabu vyenyewe ni vya uchawi.

6.0 Walter Scott na Kuhamia kwa Neno katika Kiingereza

Aliyelivusha neno hilo mpaka ni Walter Scott. Kabla ya kujulikana kama mshairi na mwandishi wa riwaya, Scott alikuwa mkusanyaji wa tenzi simulizi, na mkusanyo wake *Minstrelsy of the Scottish Border* ulianza kutoka mwaka 1802. Mwaka 1805 alichapisha *The Lay of the Last Minstrel*, shairi refu la Kiingereza lililojaa msamiati wa Kiskoti na kusomwa na watu wengi Uingereza nzima. Kiini cha visa vyake ni kitabu cha uchawi cha Michael Scot, kilichozikwa pamoja naye katika abasia ya Melrose. Kitabu kinafukuliwa, kinaangukia mikononi mwa kijakazi wa kiume mwenye asili ya kizimwi, naye anafaulu kusoma humo kipande kimoja tu. Kipande hicho ndicho chenye nguvu ya *glamour*: kinamfanya bibi aonekane shujaa wa kivita, utando wa buibui gerezani uonekane pazia la kifahari, na kibanda cha mchungaji kionekane kasri. Kwa kutumia nguvu hiyo kijakazi anampitisha langoni shujaa aliyejeruhiwa, na walinzi wanaapa baadaye kwamba kilichopita kilikuwa mkokoteni wa majani makavu tu.

Katika kisa hicho Scott, pengine bila kukusudia, aliirejesha historia nzima ya neno mahali pamoja. *Glamour* inatoka kitabuni, kitabu ni cha mwanazuoni, na anayekisoma ni mtu wa chini ambaye kwa kawaida hakuruhusiwa kukifungua. Scott aliongeza ufafanuzi wa neno hilo kwa wasomaji wasiojua Kiskoti, na katika barua zake kuhusu pepo na uchawi, zilizochapishwa mwaka 1830, alilieleza kuwa ni udanganyifu wa macho uliodhaniwa kuwa sifa ya pekee ya Wajipsi.

Ufafanuzi wa aina hiyo ni alama ya neno linalobadilisha makazi. Kwa msikilizaji wa Kiskoti, *glamour* lilikuwa neno la shutuma: kuna mtu aliyedanganya na mtu aliyedanganywa. Kwa msomaji wa London lilikuwa neno la kishairi, lenye harufu ya kale na ya mbali. Shutuma ikafifia, ladha ikabaki. Tennyson alipolitumia mwaka 1859 katika *Idylls of the King*, kwa kumtaja binti aliyeumbwa na Gwydion kutokana na maua, neno lilikuwa bado la kichawi, lakini matokeo ya uchawi huo yalikuwa uzuri. Katika karne hiyohiyo lilienea kwa maana ya uzuri wa kuvutia unaokizunguka kitu au mtu na kukifanya kionekane bora kuliko kilivyo. Kutoka hapo, hatua ya kusahau maneno "kuliko kilivyo" ilikuwa fupi.

Hatua hiyo ilikamilika Hollywood katika miaka ya 1930. George Hurrell, aliyeajiriwa na studio ya MGM mwaka 1930, aliwapiga waigizaji picha kwa mwanga mkali na vivuli vizito, kisha hasi za picha zikarekebishwa ili kuondoa mikunjo na madoa ya ngozi. Mwaka 1939 kampuni ya Condé Nast ilianzisha gazeti ambalo jina lake la kwanza lilikuwa *Glamour of Hollywood*. Sasa neno likawa sifa ya kutamaniwa na kununuliwa. Hata hivyo, mbinu za studio zilikuwa zilezile alizozieleza Scott: kitu hakibadiliki, mwonekano ndio unaobadilishwa, na mtazamaji haoni mkono unaofanya kazi hiyo. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa sinema alilipa kiingilio ili atupiwe.

7.0 Umuhimu kwa Etimolojia ya Kiswahili

Historia hii ina mafunzo kwa utafiti wa msamiati wa Kiswahili, si kwa sababu kuna mkopo wowote kati ya lugha hizi katika jambo hili, bali kwa sababu michakato inafanana.

La kwanza linahusu istilahi za sarufi zenyewe. Kiswahili kilipata kutoka Kiarabu neno *nahau*, ambalo asili yake *naḥw* ni elimu ya sintaksia. Katika Kiswahili neno hilo lilitumika kwa maana ya sarufi, lakini leo, hasa katika shule, limekuwa jina la semi ambazo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yake. Maana mpya inakaribia kuwa kinyume cha ile ya zamani: kutoka kanuni ya lugha hadi kile kinachokwepa kanuni. Kama katika *glamour*, neno la kitaalamu lilitoka mikononi mwa wataalamu wachache na kuchukua maana iliyofaa watumiaji wapya. Na kama katika Uskoti, pwani ya Afrika Mashariki nayo inajua maandishi kuwa na nguvu inayopita maana yake. Hirizi hubeba maandishi yaliyofungwa yasisomwe, na kombe ni maandishi yanayooshwa yakanywewa. Mwalimu wa pwani aliweza kuwa mfundishaji wa watoto na wakati huohuo mganga wa kitabu.

La pili linahusu neno *haiba*. Kiarabu *hayba* ni kicho, ile hofu yenye heshima anayoipata mtu mbele ya mwenye mamlaka. Kiswahili kimelisogeza neno hilo hadi kwenye uzuri wa sura na mwenendo unaovutia. Ni njia ileile ya *glamour* kutoka nguvu inayotisha hadi nguvu inayopendeza. Mfanano huu unadokeza kwamba mvuto na woga ni majirani katika semantiki, na kwamba mtafiti akikuta neno la urembo lenye asili isiyoelezeka, anafaa kutazama katika kikoa cha mamlaka na hofu.

La tatu linahusu tafsiri na utungaji wa kamusi. Kiswahili kina neno linalokaribia sana maana ya kale ya *glamour*, nalo ni *kiinimacho*. Neno hili linaweka udanganyifu mahali palepale ambapo Ramsay na Scott waliuweka, yaani ndani ya jicho la mtazamaji. Na mtu hutupiwa uchawi katika Kiswahili kama alivyotupiwa *glamour* katika Kiskoti. Mfasiri wa makala ya mitindo atatumia *mvuto*, *ulimbwende* au *fahari* na hatakosea. Lakini akitumia maneno hayo kufasiri Ramsay, utenzi wa Faa au Scott, atakuwa ameandika kwamba Wajipsi walimvutia bibi kwa urembo wao, na kesi nzima ya utenzi itakuwa imepotea. Kidahizo kimoja chenye tafsiri moja hakiwezi kuhudumia matini zilizoachana kwa miaka 200.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba maswali matatu yaliyoulizwa mwanzoni yana majibu yanayotegemeana. Aliyeihusisha sarufi na uchawi ni mtu aliyenyimwa sarufi. Umbo la neno lilibadilika kwa kanuni ya sauti inayofahamika na yenye ushahidi wa karne ya 13, na mabadiliko hayo yakaliwezesha neno kutengana na pacha wake na kuishi maisha yake. Maana ya macho ilishika kwa sababu neno lilikomaa katika jamii iliyokuwa ikiacha kuamini kwamba uchawi hubadilisha vitu, huku ikiendelea kuona jinsi watu wanavyoweza kuoneshwa visivyokuwapo.

Kwa hiyo etimolojia ya neno hili haikamiliki kwa kuunganisha maumbo peke yake. Katika kila hatua inabidi kuuliza nani alikuwa akimtazama nani, na nani alikuwa na haki ya kutaja alichokiona. Mwanazuoni aliitwa mchawi na wasiosoma. Mjipsi aliitwa mchawi na wenye ardhi na mahakama. Mwigizaji aliitwa nyota na wenye studio. Kati ya hao, ni Mjipsi peke yake aliyenyongwa, na ni maana yake iliyofutika kwanza neno lilipovuka mpaka na kuingia katika Kiingereza sanifu. Mtafiti anayefuatilia neno la lahaja hadi linapoingia katika lugha sanifu, iwe Uskoti au pwani ya Afrika Mashariki, ana wajibu wa kurekodi si maana iliyofika tu, bali pia ile iliyoachwa njiani.